Jembe la Jumuiya, Mashua ya Padre

Mtu wa Machame akifika Mbinga hujisikia yuko kwao, lakini kwa muda mfupi tu. Baridi anaijua, kahawa anaijua, na barabara inayojipinda ubavuni mwa bonde anaijua pia. Anachokosa ni migomba. Kwetu kahawa hukua chini ya mgomba na nyumba hujificha humohumo kihambani, mpita njia asijue kama ndani mna watu wanakula au wanagombana. Huku Umatengo mlima uko wazi. Ukiutazama kutoka ng'ambo ya bonde unauona umechimbwa vishimo vya mraba toka kileleni hadi mtoni, kila kishimo kimezungukwa na matuta manne, na kila tuta ni ukuta wa kishimo cha jirani. Hizo ndizo ngoro.

Namna zinavyotengenezwa nilielezwa na mzee niliyekaa naye kwenye Coaster kutoka Songea, tukiwa tunapishana na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka. Mwezi wa tatu, mvua zikianza kuelekea ukingoni, wanaume hufyeka nyasi na kuziacha zikauke. Kisha huzilaza kwa mistari inayokatana, mistari ya kushuka na mistari ya kukingama. Wanawake ndio huingia na jembe: huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi. Juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Nyasi huoza na kuwa mbolea, maji ya mvua hutuama shimoni badala ya kuporomoka na udongo. Wapo wanaosema mababu walibuni kilimo hiki walipobanwa milimani na vita vya Wangoni, ardhi ikawa haitoshi tena kuhamahama. Sisi Wachaga tunajisifia mifongo, na tuna haki, maana kuyaleta maji kutoka msituni hadi shambani kwa mfereji wa mkono si kazi ndogo. Lakini wenzetu hawa hawaleti maji popote. Wanayazuia yasikimbie.

Nilifikia kwa rafiki aliyeoa huko. Yeye ni Mkatoliki, mimi Mlutheri, na hilo alilitaja kwa kila mgeni aliyeingia, bila ubaya wowote, kama anavyotajwa mtu asiyekula samaki. Jumamosi alfajiri aliniamsha akanipa jembe. Kuna jumuiya, alisema. Nilidhani nitakaa kwenye benchi la mtu sebuleni, nisikilize somo, ninywe chai. Jumuiya ndogondogo zimekuwa moyo wa Kanisa Katoliki katika nchi zetu tangu maaskofu wa AMECEA, yaani wa Afrika Mashariki na majirani zake, walipozipa kipaumbele katika mkutano wao wa Nairobi mwaka 1976. Dar es Salaam nimeziona: watu kumi na watano, rozari, mchango, matangazo, na mmoja anayetazama saa.

Hii ilikutana shambani. Mwenyekiti wa jumuiya, mwanamume mfupi aliyevaa koti la mvua juu ya suti kuukuu, alisimama kwenye nyasi zilizofyekwa akasoma Injili ya Jumapili inayofuata. Watu wawili watatu wakasema lililowagusa, kwa kifupi, maana umande ulikuwa unapenya viatu. Tukasali Baba Yetu. Kisha majembe. Shamba lilikuwa la mama aliyefanyiwa upasuaji katika hospitali ya Litembo na kuambiwa asiinue kitu kizito. Wamatengo tangu zamani wanao utaratibu wa kualikana kulima, wanauita ngokela: mwenye shamba huandaa pombe, majirani huja, kazi ya mwezi inaisha kwa siku moja, na kesho zamu ni ya mwingine. Mama huyu hakuweza kuandaa chochote. Kwa hiyo togwa ililetwa na wengine, na kwa heshima yake ikapitishwa kwanza mlangoni kwake, akaigusa ndoo, ndipo ikatoka kana kwamba ni yeye aliyeipika.

Jambo jingine niliambiwa baadaye, nami nilikuwa nimeliona bila kulielewa. Kulaza nyasi ni kazi ya watu wawili wawili, mmoja huku na mmoja kule, la sivyo mstari unakwenda upogo. Mwenyekiti alipowapanga wanaume, wawili walitazamana kidogo kabla ya kuinama. Walikuwa na kesi ya mpaka, haijaisha, imeshafika baraza la kata. Aliwaweka mstari mmoja makusudi, na hakuna aliyesema neno. Kutwa nzima walilaza nyasi wakisemezana mambo ya nyasi tu: vuta, shusha, hapo. Kwetu Kilimanjaro mtu anayetaka suluhu hubeba jani la isale mpaka kwa aliyemkosea, na aliyepelekewa isale haruhusiwi kukataa kusikiliza. Nimeikumbuka desturi ile mara nyingi tangu siku hiyo. Isale linahitaji mtu awe ameshaamua kuomba radhi. Mpango wa yule mwenyekiti haukudai hata hilo. Ulidai tu kwamba mstari unyooke.

Sidhani jumuiya hii imetokana na azimio la Nairobi peke yake. Zamani wanaume wa ukoo mmoja wa Kimatengo walikula pamoja jioni kwenye sengu, kila mke akileta chungu chake, na hapo ndipo mashauri yalipokatwa na vijana walipofunzwa. Nyumba ambayo chungu chake hakikufika ilijulikana siku hiyohiyo. Kahawa ilipoleta fedha na kila mtu akajenga kwake, sengu ilififia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wa kijiji cha Kindimba, wakifanya kazi pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro, waliirudisha kwa sura ya kamati, wakajenga mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji ya mto. Kanisani sengu ilikuwa imeshajipenyeza yenyewe. Usharika wa kwetu una bahasha zenye namba, una mnada wa mkungu wa ndizi na kuku baada ya ibada, una kamati ya ujenzi ambayo haijapumzika tangu nizaliwe. Tunatoa sana, hilo hatuwezi kunyimwa. Ila chungu ambacho hakikufika hatukijui mpaka siku ya msiba.

Mbinga mjini kuna kanisa kuu la jimbo, jimbo lililokatwa kutoka Songea mwaka 1986. Msimamizi wake ni Mtakatifu Kiliani, jina ambalo mgeni halitarajii kwenye milima ya kahawa. Kiliani alikuwa mmonaki wa Ireland aliyeuawa pamoja na wenzake huko Würzburg, Ujerumani, karibu mwaka 689, kwa sababu alimwambia mtawala aliyembatiza kwamba ndoa yake na mjane wa ndugu yake haifai. Jimbo la Würzburg na la Mbinga ni majimbo rafiki, ndipo mtakatifu huyo akasafiri. Niliwauliza vijana wawili waliokuwa wakifagia uwanja kama wanajua alikufaje. Mmoja alijua vizuri. "Alimwambia mkubwa ukweli," alisema, akaendelea kufagia.

Nilikuwa nimetoka Songea, na habari ya kufa kwa ajili ya jambo ilikuwa bado imenijaa kichwani. Pale Makumbusho ya Majimaji kuna kaburi la pamoja la watu 67 walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, ana kaburi lake peke yake. Husimuliwa kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, naye akakataa kubaki wakati wenzake wamekwisha, wakamnyonga siku chache baadaye. Inasemekana kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mchaga akisikia hayo hawezi kutomkumbuka Mangi Meli, aliyenyongwa Old Moshi mwaka 1900, ambaye kichwa chake kinatafutwa hadi leo.

Upande wa pili wa hesabu hiyohiyo kuna Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini aliyeanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898. Agosti 1905 yeye, mabruda wawili na masista wawili waliuawa na wapiganaji wa Majimaji njiani kuelekea ndani ya nchi, upande wa Liwale. Peramiho ikachomwa mwaka huohuo. Kwetu tunao Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa Leipzig waliouawa Meru mwaka 1896, na kila mtoto wa Kipaimara huwasikia. Waliouawa pamoja nao, Wachaga waliowafuata kutoka Kilimanjaro, huwasikia kwa nadra.

Baadhi ya wale wa Songea walibatizwa na padre wa misheni kabla ya kunyongwa. Nimejaribu kuiwaza saa ile: mtu aliyefungwa kamba akimwagiwa maji ya uzima na padre aliyekuja kwa meli zilezile zilizomleta anayemnyonga. Upendo ulikuwepo hapo, naamini, na ujasiri pia, lakini haukuwa wote upande mmoja, na ukinilazimisha nionyeshe mfano wa mtu asiyekubali kuwaacha rafiki zake, nitaanza na nduna ambaye habari zake si za kanisani.

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za lami. Wenyeji wanaisema lami hiyo kwa furaha ya watu waliowahi kulala njiani, gari limezama tope hadi milangoni. Unashuka, koti linavuliwa, masikio yanaziba, kahawa inakwisha na miembe inaanza, kisha Ziwa Nyasa linatokea mara moja, refu kuliko jicho. Ufukweni mihogo imeanikwa juu ya mawe na usipa, dagaa wa Nyasa, umeanikwa juu ya vichanja, na harufu yake huingia chumbani kabla ya mgeni. Hapa mama anaposalimia hupiga goti mpaka liguse mchanga, huku akipiga makofi polepole. Mara ya kwanza nilitaka kumwinua. Mchaga husalimia amesimama, mara nyingi akiwa na mzigo kichwani na haraka ya soko.

Kitu kingine kinachobadilika ni kanisa. Milimani kila kigango ni cha Wakatoliki. Ufukweni unakuta Waanglikana, kijiji baada ya kijiji, nao wana ubani, kengele, misa ya kuimba na padre anayeitwa padre, hivi kwamba Mlutheri kama mimi huhitaji dakika kadhaa kujua yuko wapi. Ilikuwa Kwaresima na msalaba wa madhabahuni ulifunikwa kitambaa cha zambarau. Mgawanyo huo una sababu nyepesi. Wabenediktini walikuja kwa miguu kutoka Peramiho wakapanda milima. Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuja kwa maji. Nasi tunao wa kwetu, Machame Walutheri, Kibosho Wakatoliki, na mto mmoja kati, kwa sababu wamisionari wale walifika kwa mangi huyu na hawa kwa mangi yule. Watu wamekwisha kuoana kuvuka mto huo mara nyingi, lakini siku ya harusi bado wazee huhesabu.

Aliyeuleta Uanglikana ufukweni hapa ni William Percival Johnson, Mwingereza aliyefika Zanzibar mwaka 1876 akiwa kijana wa Oxford. Mwaka 1885 yeye na mwenzake Chauncy Maples walianzisha kituo katika kisiwa cha Likoma. Macho ya Johnson yaliharibika, moja likapofuka kabisa na la pili likabaki hafifu, na kwa jicho hilo alitafsiri Biblia kwa Kinyanja. Makazi yake hasa yalikuwa meli: kwanza Charles Janson, iliyopewa jina la mwenzake aliyefia kando ya ziwa mwaka 1882, kisha Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901. Meli ilimshusha kijiji hiki, ikamchukua, ikamshusha kijiji kile. Aliendelea hivyo hadi uzee, akafia Liuli mwaka 1928, na ndipo alipozikwa.

Liuli Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa ajili ya mwamba wa Pomonda unaotazama bandari. Agosti 1914 manowari ya Waingereza, Gwendolen, ilikuja ikaipiga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Manahodha wa meli hizo mbili walikuwa wakinywa pamoja kabla ya vita, na inasemekana wa Kijerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita imeanza. Wageni wengi huja Liuli kwa hadithi hiyo. Wenyeji wanakuja kwa hospitali, St. Anne's, na kwenye benchi la kusubiri utawakuta Wamatengo wa kutoka milimani na rozari zao pamoja na Wanyasa wa ufukweni, kama vile Litembo nako wanavyolazwa Waanglikana.

Nilitaka kufuatana na padre mmoja wa vijiji vya kusini, upande wa mpaka wa Msumbiji, ambako baadhi ya watu hupata misa pale tu mashua inapofika. Tulikuwa tumeshapakia: sanduku la vyombo vya misa limefungwa kwa mfuko wa nailoni, dumu la petroli, mtoto wa shule na godoro lake. Mwenye mashua, mzee mkimya, alilitazama wingu upande wa Malawi, akaitazama injini, akasema hatuendi. Padre alisema watu wanangoja tangu mwezi uliopita. Mzee akajibu kwa upole kwamba anajua, mke wake ni wa kijiji hicho. Tukapakua.

Nilitegemea padre akasirike. Alikaa kwenye mchanga akanisimulia habari ya Maples. Huyo aliwekwa wakfu London, mwaka 1895, kuwa askofu wa Likoma, akawa anarudi kwa watu wake na haraka ya kufika. Usiku mmoja wa Septemba mwaka huohuo dhoruba iliipindua mashua, kanzu ikamzamisha. Wanaomsimulia husema aliwaambia mabaharia wa Kiafrika wasihangaike naye, wajiokoe, na wakaokoka. "Tunamheshimu kwa neno lile la mwisho," padre alisema. "Kwa ile haraka, hapana." Nikiwa mdogo, mahubiri ya ujasiri niliyoyasikia yalikuwa yote ya watu walioondoka. Hakuna aliyenihubiria habari ya mwenye mashua aliyepakua mizigo huku askofu, au padre, au watu wa mkewe wanangoja.

Walioondoka wapo pia, na si wazungu pekee. Padre yuleyule alinitajia Leonard Kamungu, mtoto wa Chia, kusini mwa mpaka kwenye ufuko huuhuu, aliyesoma Likoma na Kiungani, Zanzibar, akapata upadre mwaka 1909. Miaka miwili baadaye alikwenda Msoro, nchi ambayo leo ni Zambia, kwa watu asiowajua na lugha isiyo yake. Mwaka 1913 akafa ghafla, na wapo walioamini alilishwa sumu. Padre alimtaja kama unavyomtaja mjomba aliyekwenda kutafuta kazi mbali. Machame sikumbuki kumsikia Mwafrika yeyote aliyetoka kwa namna hiyo akitajwa kanisani kwa jina, ingawa nina hakika walikuwepo wengi.

Mashua iliondoka kesho yake asubuhi, ziwa likiwa limelala, nami nikabaki maana nafasi yangu ilichukuliwa na gunia la chumvi. Jioni nilikaa na mama mmoja aliyekuwa akianua usipa, akiokota kwa mkono mmoja na kufukuza kuku kwa mwingine. Nilimsimulia ile jumuiya ya milimani na shamba la mgonjwa. Hakushangaa. Kwao nyavu za mgonjwa huvutwa na wenzake na fungu lake hupelekwa nyumbani. Akaniuliza kwetu mtu akiugua wakati wa kulima inakuwaje.

Nikamweleza: tunaambizana kwenye kundi la simu, tunachanga, tunalipa vibarua.

"Mnachanga upesi, baba?"

Siku hiyohiyo, nikasema. Hata walioko Dar es Salaam na Marekani hutuma.

Akatikisa kichwa kwa kukubali. "Hiyo nayo nzuri. Sisi hela hatuna, ndiyo maana tunakwenda wenyewe." Akajaza ungo mmoja, akauweka kando, akafikiri kidogo. "Sasa hela zikizidi gharama ya vibarua, zinazobaki anapewa mgonjwa?"

Nikamwambia kuna kamati inayoshughulikia hilo. Alicheka mpaka akaacha kuokota, akamwita jirani yake aje asikie, na ikabidi nieleze upya kamati hiyo ina wajumbe wangapi na hukutana lini.